Nikiongeza mafuta naona mawingu, sioni maji

Barua

Shikamoo Mjomba.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Migoli, upande wa Iringa wa Bwawa la Mtera, ila wateja wangu wengi wa perege wako Dodoma mjini. Kaka yangu mkubwa alinunua boti ndogo ya faiba Dar es Salaam, ya mkono wa pili, futi 17. Ni zile boti za mbio zenye kioo kifupi mbele, viti viwili kama vya gari na injini ya nje ya HP 90. Tukaipakia kwenye Fuso mpaka Mtera. Tunaitumia kuwatembeza wageni wanaotaka kuona viboko, na kuwawahisha wanunuzi kwenye kambi za wavuvi. Kaka anaendesha wikiendi, siku za kawaida naendesha mimi.

Shida yangu ni kimo. Nina sentimita 152, kaka ana 183. Kiti cha dereva kimefungwa kwa bolti juu ya bomba fupi, hakipandi wala hakishuki. Nikienda taratibu naona kwa tabu, maana ule ukingo wa alumini wa kioo unapita sawasawa na macho yangu. Nikiongeza mafuta, pua inanyanyuka na sioni tena maji, naona mawingu tu. Inabidi ninyanyuke nusu, nimeng'ang'ania usukani, mpaka boti ikae sawa. Na Mtera unaijua Mjomba: ile miti iliyokufa imesimama majini, mingine imekatikia chini kidogo ya uso wa maji, halafu kuna mitumbwi ya wavuvi. Nimejaribu kukalia mto, ukilowa unateleza.

Kaka anasema ni woga tu. "Wewe kandamiza mafuta, ikishapanda utaona." Nikamwomba tupandishe kiti, akasema kikipanda magoti yake yatagonga usukani. Fundi mmoja wa kuchomelea hapo Dodoma alikiangalia akasema atatuchongea kipande cha bomba cha sentimita 20 akiunge juu ya lile la zamani. Mwingine akasema hiyo ni shida ndogo, atachukua bomba la gesi la kiti cha ofisi alifunge, kila mtu apande na kushuka anavyotaka. Hilo la pili kaka amelipenda sana.

Kuna jambo jingine, sijui kama linahusika. Tulipoijaribu Dar kabla ya kulipa, ilipanda juu ya maji mara moja, hata mimi niliendesha na nikaona mbele. Huku inaburuta mkia muda mrefu. Nyuma huwa tunapakia madumu matatu ya petroli ya lita 20 na sanduku la barafu la samaki.

Nifanyeje? Sitaki ugomvi na kaka, boti ni yake. Lakini wageni wanaokaa nyuma yangu roho zao ziko mikononi mwangu.

Nahodha Mfupi,
Migoli

Jibu

Marahaba, mpwa wangu. Na kwa kuwa unakaa mpakani nikusalimu kwa pande zote mbili: mbukwa, na kamwene.

Hilo la woga tulimalize kwanza. Nahodha akisema haoni mbele, hajaeleza hisia zake, ametoa taarifa ya hali ya chombo. Kaka yako hajawahi kukaa kwenye kiti kile akiwa na macho yako. Siku moja mwombe akae kiti cha abiria, ateleze chini mpaka macho yake yawe usawa wa ukingo wa kioo, kisha wewe uondoe boti kama kawaida. Usimweleze neno. Atajionea mwenyewe hayo mawingu.

Sasa turudi kwenye ile aya uliyoandika mwishoni ukisema hujui kama inahusika. Inahusika kuliko zote. Boti ile ile, dereva yule yule, kiti kile kile: Dar uliona, Mtera huoni. Basi kiti ni sehemu tu ya tatizo, na ukianza kulipa mafundi wa viti kabla ya kushughulikia hiyo sehemu nyingine utapoteza hela.

Kilichobadilika ni hiki. Bwawa la Mtera likijaa, maji yake yako mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Injini ya petroli ya kawaida, isiyo na turbo, hupoteza nguvu kama asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi na silinda inavuta oksijeni kidogo. Kwa kimo cha Mtera hiyo ni asilimia 7 hivi. Katika zile HP 90 zenu, kama 6 zimebaki Dar es Salaam, na joto la mchana linapunguza nyingine kidogo. Tena maji ya bwawa ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo boti inazama kidogo zaidi. Propela iliyo nyuma ya injini ilichaguliwa na mtu aliyekuwa baharini, mwenye boti tupu. Ninyi mmeiletea mlima, joto na mzigo.

Tena mzigo wenyewe mmeuweka pale pale pabaya. Lita 60 za petroli ni kilo kama 45. Ongeza sanduku la barafu lenye samaki, ongeza wageni waliokaa nyuma, ongeza uzito wa injini iliyoning'inia kwenye ubao wa mwisho. Mkia umeelemewa, nguvu zimepungua, pua itakwenda wapi kama si juu? Na itakaa huko juu muda mrefu, kwa sababu injini inahangaika kuivusha boti ile hatua ya kati, ambapo haielei tena kama mtumbwi na bado haijapanda juu ya maji.

Usinichoke, nataka tupige hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo itakayomnyamazisha kaka bila ugomvi. Tuseme jicho lako liko mita 1.2 juu ya maji, na ncha ya pua iko mita 3 mbele yako. Pua ikiwa imenyanyuka hadi mita 1.15, mstari wa macho unaopita juu yake unagusa maji mita 72 mbele. Gogo lolote linaloelea ndani ya mita hizo 72 kwako halipo. Sasa pandisha kiti sentimita 10: maji unaanza kuyaona mita 26 mbele. Nafuu kubwa. Lakini rudisha kiti kilipokuwa, na badala yake ishushe pua sentimita hizo hizo 10: unaona kuanzia mita 24. Yaani kushusha pua kunakupa kile kile unachotaka kumlipa fundi akupe, na zaidi kidogo, bila kutoboa tundu hata moja. Vipimo vya boti yenu vitatofautiana na hivi vya karatasini, ila mwenendo ni huo huo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mkiani. Sanduku la barafu lisogezwe mbele ya kiti cha dereva, lifungwe kwa mkanda lisitembee. Madumu yapunguzwe, kwa safari ya kwenda kambini na kurudi sidhani kama mnahitaji yote matatu. Yale ya lazima yabaki mahali penye hewa, yamefungwa. Msiyafungie kwenye sanduku la puani, mvuke wa petroli uliokwama ndani ya boti unangoja cheche tu. Wala msiwapeleke wageni kukaa puani kabisa ili wawe uzito. Boti inapodunda juu ya mawimbi, pale mbele ndipo pigo linapokuwa kubwa, na watu wamevunjika pingili za mgongo kwa kukaa hapo. Mzigo ukizidi mbele nako ni shida nyingine, pua inalima maji na usukani unayumba. Mnatafuta usawa.

Halafu kile kitufe cha kuinua na kushusha injini kilicho kwenye mkono wa mafuta. Kabla ya kuondoka, shusha injini mpaka mwisho, mguu wake uingie ndani karibu na ubao wa nyuma. Hapo msukumo wa propela unainua mkia na kuikandamiza pua. Boti ikishakaa juu ya maji ndipo unainua kidogo kidogo mpaka usukani uwe mwepesi. Huenda kwa hofu ya visiki mmezoea kuiacha injini imeinuliwa tangu mnapoondoka ufukweni. Kwenye maji mafupi, mkienda polepole, sawa. Lakini ukikandamiza mafuta ikiwa hivyo, unaiambia pua ipande.

Propela iangaliwe pia. Boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida, mahali palipo wazi, fungua mafuta yote na usome mshale wa mizunguko. Kitabu cha injini kinaeleza mizunguko inayotakiwa mafuta yakiwa wazi kabisa; kwa injini nyingi za namna hiyo za stroku nne ni kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Isipofika hapo, propela ni nzito mno kwa Mtera. Inatafutwa yenye hatua (yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) fupi kwa inchi moja au mbili. Kila inchi moja huongeza mizunguko 150 hadi 200. Mwendo wa juu utapungua kidogo, lakini boti itanyanyuka mapema, na katika bwawa lenye magogo sijui nani anahitaji huo mwendo wa juu.

Ukishafanya hayo, kaa tena kwenye kiti kile kile cha zamani, uone kimebaki nini. Kitabaki kitu. Pua ikiwa chini kama mkeka bado una sentimita 152, na ukingo wa alumini bado uko machoni. Sasa tuzungumzie kiti.

Fundi wa sentimita 20 alipima kwa kuwatazama mkiwa mmesimama. Mkisimama mnatofautiana sentimita 31, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko miguuni. Mkiketi inabaki nusu au pungufu. Kipimo chako kitafute hivi: boti iwe imefungwa kwenye maji yaliyotulia, ukae kama unavyokaa ukiendesha, mgongo umeegemea, na mtu apime kutoka sakafuni mpaka kwenye jicho. Kaka naye apimwe vivyo hivyo. Ile tofauti ndiyo kiasi cha juu kabisa cha kukupandisha, na sitashangaa ikiwa 12 badala ya 20. Msipime kiti kikiwa kitupu. Sponji laini ya sentimita 10 ukiikalia inabaki tatu au nne, kwa hiyo kipimo cha kiti kitupu kinadanganya.

Kabla ya kukata chuma chochote, weka vipande vya plaiwudi chini yako, kimoja kimoja, boti ikiwa bado imefungwa, na uangalie ule ukingo wa kioo. Unatakiwa uwe chini ya macho yako kwa upana wa kiganja hivi, au juu kwa kiasi hicho hicho. Popote katikati ni pabaya: ukingo unaficha mtumbwi mzima, na boti ikidunda macho yanarukaruka juu na chini yake mpaka kichwa kinauma. Ukitazama juu ya kioo, uwe na miwani, maana mdudu mmoja jichoni kwa mwendo ule anatosha kukupeleka kwenye kisiki. Nchi zinazounda boti nyingi zina hata kiwango cha kimataifa, ISO 11591, kilichoandikwa kwa jambo hili moja, yaani dereva aone nini akiwa kwenye usukani. Si kitu cha wanawake wafupi wa Migoli peke yao.

Kiti kikipanda, vitu vitatu vinaharibika, na mafundi wengi husahau viwili. Cha kwanza ni miguu. Ukining'iniza miguu huna cha kujikaza nacho boti ikidunda, na ukingo wa kiti unakukaba chini ya mapaja mpaka unapata ganzi. Kwa hiyo kwa kila sentimita kiti kinapopanda, sakafu ya miguu yako ipande nayo: kibao cha kukanyagia, kipana, chenye uso usioteleza, kilichofungwa kwa bawaba ili kaka akikunje akija yeye. Cha pili ni mapaja na usukani. Kama mapaja yanagusa usukani ukiwa umekaa, huwezi kuukata haraka. Dawa si kushusha kiti, ni kufunga kile kipande cha usukani kinachoinama juu na chini. Hicho kinamsaidia kaka kuliko wewe, na ndicho kitakachomaliza hoja yake ya magoti. Cha tatu ni mkono wa mafuta. Ukae viwiko vimekunjika kidogo, mkono ufike bila kuinama, kwa sababu dereva anayejinyoosha kuufikia huishia kuusukuma boti inaporuka wimbi.

Hao mafundi wawili sasa.

Huyo wa kuchomelea kipande juu ya bomba la zamani hana nia mbaya, ila anafikiria stuli ya jikoni. Stuli haipigwi na mawimbi. Kiti cha boti ya mbio kinavutwa mbele, nyuma na pembeni kwa uzito wako uliozidishwa kila boti inapotua, na kadiri bomba linavyorefuka ndivyo wenzo wa kung'oa bolti sakafuni unavyorefuka. Bomba lililoungwa katikati litapasuka pale pale penye kiungo, na halitachagua siku ya maji matulivu. Kama bomba linarefushwa, liwe jipya, zima, na kitako kipana kuliko cha zamani.

Huyo wa kiti cha ofisi ndiye ninayemwogopa. Najua Dodoma imejaa viti vya ofisi vilivyochoka tangu wizara zihamie, na bomba lake ni bei ya chee. Lakini lile limetengenezwa kubeba karani aliyetulia, uzito ukishuka wima. Halina kufuli ya kuzuia kiti kisizunguke, kinachoshikilia ni msuguano tu, na kwenye unyevu linaota kutu ndani. Siku litakapokuachia ukiwa kwenye kona, kiti kitazunguka, wewe utatazama nyuma na boti itatazama mbele. Kaka alipenda wazo la kupanda na kushuka, na wazo hilo ni zuri. Achukue wazo, amwachie fundi bomba lake.

Mabomba ya viti vya boti yanayopanda na kushuka yapo, yanauzwa kwa wenye vifaa vya boti Dar es Salaam au yanaagizwa. Kuna ya gesi yaliyotengenezwa kwa boti, na kuna ya pini au komeo: unavuta, unapandisha, unakaza. Kwa Mtera ningechukua la pini. Likisumbua, fundi yeyote mwenye nyundo na akili anaweza kulitengeneza. Hakikisha mambo mawili, kwamba lina kufuli ya kimo na kufuli ya mzunguko, na kwamba unazikaza zote mbili kabla ya kuwasha injini. Kimo cha chini kabisa cha bomba kiwe cha kaka, na cha juu kifike kile ulichopima. Kuna pia viti ambavyo nusu ya mbele ya kikalio inakunjika juu ili dereva asimame ameegemea au akae juu zaidi. Ni vizuri sana, ila bei yake kaka atakuuliza mara mbili.

Sasa sakafu, na hapa naomba uwepo mwenyewe, usimwachie fundi akakupigia simu baadaye. Boti nyingi za aina hiyo zina tangi la mafuta chini ya sakafu, hata kama ninyi mnatumia madumu. Tangi lililokaa miaka bila mafuta linaweza kuwa na mvuke, na mvuke unalipuka kirahisi kuliko petroli yenyewe. Drili isiguse sakafu mpaka mjue chini yake kuna nini: fungueni kidirisha cha ukaguzi, mulikeni tochi, na keekee ya drili iwekewe kizuizi isizame zaidi ya unene wa sakafu. Ndani ya faiba mara nyingi kuna plaiwudi. Gongagonga kwa sarafu kuzunguka kitako cha kiti; palipo pazima panatoa mlio mkavu, palipooza panatoa mlio mzito uliofifia. Mkikuta pameoza, kiti kisubiri, hiyo ni kazi ya fundi wa faiba.

Bolti ziwe za stenlesi, zinazopenya mpaka chini na kukutana na nati. Skrubu za mbao hapana, hata kama fundi ataapa kwa jina la bibi yake. Chini ya nati liwekwe bamba la alumini pana kuliko kitako, ili nguvu isambae isivute tundu. Matundu yatobolewe makubwa kidogo, yajazwe epoksi, ikikauka yatobolewe upya kwa kipimo cha bolti. Hivyo maji hayataifikia ile plaiwudi. Chini ya kitako ipakwe gundi ya polyurethane, Sikaflex kwa mfano, si ile silikoni ya kuzibia masinki.

Huenda mtu atakutisha kwamba kiti kikipanda boti itapinduka. Piga hesabu: kilo 54 zako zikipanda sentimita 12 katika boti yenye jumla ya kilo 800 au 900, kitovu cha uzito kinapanda chini ya sentimita moja. Boti haitajali. Atakayejali ni wewe, kwa sababu ubavu wa boti uliokuwa unakufika kiunoni sasa utakuwa chini ya nyonga, na kwenye kona kali ni rahisi zaidi kurushwa nje. Kwa hiyo kiti kiwe na pembe za kukukumbatia ubavuni, pawe na mshikio upande wa pili, na ile kamba ya kuzimia injini ifungwe mwilini mwako kila safari. Ipime upya baada ya kiti kupanda. Ikiwa fupi mno itazima injini ukigeuka kutazama wageni. Ikiwa ndefu mno utakuwa umeshaanguka majini na propela bado inazunguka. Marekani tangu tarehe 1 Aprili 2021 ni sheria kuitumia kwenye boti ndogo chini ya futi 26. Sisi tusisubiri sheria, Mtera ina mamba. Jaketi okozi sitalisemea, naamini kila mtu analo.

Mto utupe. Mkisuka kikalio upya, mwambie fundi wa makochi aweke sponji ngumu isiyonywa maji. Sponji laini huonekana ya raha ufukweni, lakini wimbi likija inabonyea yote na pigo linafika mgongoni lote, tena kwa kishindo. Na ile tabia yako ya kunyanyuka nusu si mbaya yenyewe, magoti yaliyokunjika ni springi nzuri kuliko yoyote inayouzwa. Ubaya ni kwamba unaning'inia kwenye usukani. Ukisimama, simama ukiwa umekanyaga sawasawa, mkono mmoja kwenye mshikio.

Mkimaliza, jaribuni asubuhi kabla upepo haujaanza. Funga dumu tupu kwa kamba na jiwe, liachie mahali palipo wazi na penye kina. Endesha ukilielekea kwa pembeni kidogo, mtu mwingine akiwa amesimama kama mlinzi, kisha ongeza mafuta kama unavyoondoka na abiria. Dumu likipotea machoni, angalia mko umbali gani nalo. Rudieni, badilisheni mzigo, pandisheni kiti tundu moja, angalieni tena. Halafu kaka naye afanye hivyo kwa kimo chake, na kila mmoja aweke alama ya rangi kwenye bomba mahali pake.

Kila mara bwawa linapopungua kuelekea mwisho wa kiangazi, visiki ambavyo vilikuwa chini sana vinakaribia uso wa maji, na njia uliyoipita mwezi wa tano si njia tena mwezi wa kumi na moja. Hapo hata kiti cha kifalme hakikusaidii kuona kilicho chini ya maji ya tope. Punguza mwendo, na mwulize mvuvi aliyepita leo.

Kuhusu kaka, usimpelekee hoja ya kiti. Mpelekee ya propela na mzigo. Mwambie boti yake imepoteza nguvu za farasi 6 na unajua zilikokwenda. Hapo atakaa chini akusikilize. Kiti mtakizungumza mkiwa tayari mmeinama pamoja nyuma ya injini. Na mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, akija kukagua chombo, mwonyesheni kazi mliyofanya sakafuni kabla hajauliza.